Spana Niliyoichomoa

Nafula mwanangu,

Mwili wangu hauna ugonjwa mpya, na hayo mengine utayaona humu ndani. Umekwenda Kyambogo kuwaaga wenzako wa chuo, umesema utarudi kabla ya chakula cha jioni, kwa hiyo nimebakiwa na saa tatu hivi za kuandika. Begi lako liko mlangoni. Sitakuandikia habari za sweta, wala za maji ya kuchemsha, wala za wanaume wa Kitale. Hayo mama yako mdogo amekuambia wiki nzima, na una miaka ishirini na sita.

Nakuandikia kwa sababu kesho asubuhi unapanda basi kwenda Kitale kufanya kazi kwenye gereji ya Makokha, na kuna jambo kati yangu na Makokha ambalo lazima ulijue kabla hujapanda. Ukishalijua huenda usipande. Nimelifikiria hilo na bado naandika.

Wewe hunicheka kwamba kila kitu kwangu huanzia kwenye neno. Acha nianzie hapo mara hii pia, maana nikianzia kwingine nitaikunja karatasi.

Nilipokuwa mtoto Mombasa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, spana lilikuwa neno la wakubwa. Baba yangu alirudi nalo nyumbani pamoja na grisi ya kwenye kucha. Kiswahili kilikuwa na kufunga na kufungua, kukaza na kulegeza, kuzungusha, kupinda, kukereza, lakini hakikuwa na jina la kile chuma kinachoshika kichwa cha nati na kukigeuza. Tukachukua la Mwingereza, tukalikata mkia, na leo hakuna anayekumbuka kwamba ni la kuazima. Hapa Kampala wanalivuta kidogo, sipana. Kwa fundi spana haina hata haja ya jina, ni namba tu: lete kumi na tatu, lete kumi na saba. Kuna ya mdomo, kuna ya pete, na kuna ile inayopanuka na kubana ikaingia kwenye nati yoyote, ambayo mafundi wote kutoka Mombasa mpaka hapa wanaiita spana malaya. Uliiitisha kwa jina hilo ukiwa na miaka saba, kwa sauti, mbele ya katekista aliyekuja kututembelea, na mama yako hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Siku hizi vijana wa Nairobi wakimsema mtu mpaka akakosa pa kujificha, wanasema amepigwa spana. Neno limesafiri.

Lakini spana ilikuwa na matumizi mengine ambayo hayamo katika kamusi yoyote niliyonayo, na niliyajua kwenye gereji moja tu, ile ya Bwana Haruna, kwenye mteremko wa kuingilia barabara ya Port Bell. Bwana Haruna alikuwa mzee wa Kibuli ambaye babu zake walitoka pwani na misafara ya biashara. Alizungumza Kiswahili kama cha nyumbani kwetu, na nadhani alinipa kazi kwa sababu hiyo tu, ili apate mtu wa kuzungumza naye. Gereji yake ilikuwa na mafundi sita na sheria moja. Ukiitwa kabla hujamaliza kufunga, unaiacha spana imechomekwa kwenye nati. Usiiweke chini, usiiweke mfukoni. Inabaki pale, inaonekana, na maana yake ni kwamba gari hilo haliendi popote. Anayeichomoa ni yule yule aliyeichomeka. Hata Bwana Haruna mwenyewe hakuigusa. Madereva wote wa upande ule walijua. Dereva alikuwa akifika analizunguka gari lake, akiona spana anakaa kwenye tairi bovu anasubiri, asipoiona anawasha anaondoka.

"Gari lenye spana ni mgonjwa aliye mezani tumbo wazi," Bwana Haruna alikuwa akisema. "Humwambii ainuke."

Mimi na Makokha tulikuwa Wakenya wawili pale. Nilikuja Kampala kwa miezi sita, na sasa ni miaka arobaini na moja. Makokha yeye alitoka Kitale, alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu, na alikuwa fundi kunizidi. Nakwambia hilo sasa bila maumivu, lakini wakati ule liliniuma kila siku. Mkono wake ulijua. Mimi nilijifunza kwa vitabu vya injini nilivyovinunua kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, na saa ya chai nilikaa pembeni nasoma, naye alinipa jina la Mwalimu.

Siku moja kabla ya siku ninayotaka kukuambia, nilikuwa nimefunga nati upande, nikaua nyuzi za bolti. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Asubuhi iliyofuata, tukiwa kwenye chai, nikiwa nimefungua kitabu changu, Makokha akasimama na kikombe.

"Mwalimu, hebu tusomee. Kitabu kinasema nati inafungwa kwenda wapi?"

Wakacheka. Nikafunua ukurasa.

"Muacheni," akasema, "huyu akishika nati, nati inaomba talaka."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Bwana Haruna pia alicheka. Nami nilicheka, kwa sababu usipocheka mahali kama pale unazidishiwa. Ilikuwa taarabu ya kawaida ya gereji, hakuna aliyeikumbuka dakika tano baadaye isipokuwa mimi. Nataka uelewe kwamba hakunitendea jambo lolote zaidi ya hilo. Nimelitafuta jingine miaka mingi.

Karibu saa sita Makokha alikuwa akifunga gurudumu la mbele, upande wa kushoto, la pikapu nyeupe ya mfanyabiashara mmoja wa ndizi. Alikuwa amebadilisha breki. Gurudumu lilikuwa limesharudi mahali pake, nati tano zimeshikwa kwa vidole tu, jeki imeshushwa, na alikuwa anaanza kukaza. Wewe unajua hatua hiyo. Gari limesimama chini kama lililokamilika na halijakamilika. Ndipo Bwana Haruna akamwita kutoka ndani: apande boda aende Kibuli upesi akachukue beringi kwa mtu aliyekuwa anafunga duka kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Makokha akaichomeka spana ya magurudumu, ile ya msalaba, kwenye nati ya juu. Akaondoka mbio.

Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Niliona mkono wake ukiichomeka.

Nilikuwa na gari langu la kufungua magurudumu, na spana nyingine ya msalaba ilikuwa imepasuka mdomo. Hilo ndilo nililomwambia moyoni mwangu kila aliyeniuliza, kwamba nilihitaji chombo. Si kweli. Ningeweza kusubiri. Niliichomoa kwa sababu nilitaka arudi kutoka Kibuli, asiikute, aanze kuizunguka gereji akiuliza nani kachukua spana yangu, nasi tucheke. Nilitaka apate nusu saa ya kuonekana mjinga. Hiyo ndiyo bei niliyoipangia aibu yangu, nusu saa.

Dereva akafika kabla ya Makokha. Alikuwa Mganda mnene, mpole, mwenye kofia ya kufuma.

"Fundi, gali yangu iko tayali?"

Nilikuwa nimeinama na spana ile mkononi. Sikuinua kichwa.

"Muulize fundi wako," nikasema.

"Sasa fundi wangu hayuko, ssebo," akasema, akiniita bwana kwa lugha yake.

"Mimi si fundi wako."

Akalizunguka gari lake. Hakuona spana. "Kale," akasema, yaani sawa, na akapanda.

Nafula, mahali hapa nimepazunguka kwa miaka thelathini na mitatu kama mtu anayezunguka shimo. Niliisikia injini ikiwaka. Nilimsikia akitafuta gia ya nyuma. Kulikuwa na muda wa kusema "ngoja" mara kumi. Haikuwa kwamba nilisahau, wala kwamba sikujua. Nilijua nati zile zimeshikwa kwa vidole. Nilifikiri gurudumu litaanza kucheza kabla hajafika barabarani, dereva atasimama, atarudi amekasirika, atamtukana Makokha mbele ya watu wote, na sasa itakuwa zaidi ya nusu saa. Nilipima, nikaona ni vizuri, nikaendelea kufungua gurudumu langu.

Halikucheza mapema. Lilitoka karibu na chini ya mteremko. Gari lilikwenda kutumbukia kwenye mtaro na dereva akatoka na michubuko. Gurudumu lenyewe liliendelea peke yake, likavuka barabara, likampiga mwanamke aliyekuwa ameinama kupuliza mkaa wa kuchomea mahindi. Jina lake Nakato. Alikufa njiani wakimkimbiza hospitali.

Makokha alirudi na beringi mkononi akakuta watu wamejaa. Walimwuliza nani aliyefunga gurudumu la pikapu. Akasema, "Ni mimi, bado sijamaliza, spana iko pale." Hapakuwa na spana. Hapakuwa hata na gari. Wauza mahindi na vijana wa boda walimpiga pale pale mlangoni. Mmoja alimkanyaga vidole vya mkono wa kulia kwa kisigino, taratibu, kama anayezima sigara. Makokha hakupigana. Alikuwa akisema neno moja tu, niliiacha, niliiacha.

Polisi walipomchukua, Bwana Haruna alituita sisi watano ofisini kwake. Akaniuliza mimi wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Wekesa, uliiona spana kwenye nati?"

"Hapakuwa na kitu, Bwana."

"Unayo hakika?"

"Ilikuwa chini, kwenye gunia. Niliiokota hapo."

Nadhani alijua, au alijua nusu. Lakini alihitaji mtu mmoja wa kuwapa polisi, na tayari walikuwa naye. Akasema, "Haya," akafunga daftari.

Siku ya tatu dada yake Nakato alikuja gereji. Hakuja kugombana. Alitaka kuona kile walichosema kilisahauliwa. Wenzangu walijifanya wana kazi, kwa hiyo ni mimi niliyemletea spana ile. Aliishika kwa mikono miwili, akaipindua, akaipima uzito.

"Ni hii?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hii tu?"

Akanirudishia. Nilisema pole. Nilisema kwa Kiganda, kwa adabu zote, na nikaenda kuirudisha ukutani.

Makokha alifungwa miaka miwili Luzira. Nilikwenda kumtembelea kila mwezi, na watu wa kanisani walinisifu kwa hilo, mama yako alikuwa mmoja wao, ndivyo tulivyofahamiana. Hilo pia ulijue. Nilipeleka sabuni, sukari, na sigara za kubadilishana. Na kila mwezi aliniuliza swali lile lile, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa sauti ya mgonjwa anayeuliza vipimo.

"Wekesa, wewe ulikuwepo. Kweli niliitoa?"

"Uliitoa, ndugu yangu."

"Mimi naona kama niliiacha. Nikifumba macho naiona iko pale."

"Ulikuwa na haraka. Bwana Haruna alikuwa anaita."

"Ni kweli, alikuwa anaita."

Unaona jinsi nilivyofanya. Sikumpa uongo mkubwa. Nilimpa vipande vya kweli, kimoja kila mwezi, mpaka akajijengea mwenyewe. Karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza hakuuliza tena. Alinisimulia yeye, kwa undani, jinsi alivyoichomoa spana na kuiweka kwenye gunia, hata akanionyesha kwa vile vidole vilivyopinda. Aliyaona. Mtu aliyekuwa na mkono bora kuliko yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, nilimfundisha kumbukumbu ambayo si yake, nikamsahihishia pale alipokosea. Kisha akaniomba radhi kwa kuwaaibisha Wakenya wa Kampala. Nikamwia radhi. Nilimshika bega nikamwambia hakuna mtu asiyekosea.

Huko gereji nilikuwa nimewekwa mahali pake, fundi mkuu. Mafundi wapya walipouliza habari zake ni mimi niliyewasimulia, na ni mimi niliyempa jina walilomwita baadaye, Bwana Kusahau. Lilichekesha. Sikuambiwa nilitunge. Nililitunga mwenyewe siku moja kwenye chai, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, na nilijisikia vizuri mchana mzima.

Alipotoka hakutaka kubaki Uganda. Alipita kuniaga akiwa na kile kisanduku cha spana zake, seti kamili, kumi na nane, akaniambia nizichukue kwa sababu haiamini mikono yake tena. Ndizo ulizojifunzia. Nilikuambia nilizinunua Nairobi. Ndizo ulizozifunga jana kwenye shuka la kijani ukaziweka chini ya begi, ukaniambia utamwonyesha Mzee Makokha spana za baba. Atazitambua kabla hujamaliza kufungua shuka.

Sasa nije kwako. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja ulipofunga gurudumu la baiskeli ya mama yako na kuacha nati mbili zimelegea. Mama yako aliiona kabla ya kupanda. Hakuanguka mtu. Nilikusimamisha uani mbele ya wapangaji wote na nikakuita muuaji. Nilikuita mara tatu, nikakulazimisha ulirudie neno hilo wewe mwenyewe, kisha sikuzungumza nawe siku tisa. Mama yako alisema, "Wewe unazungumza na nani? Maana si na mtoto huyu." Sikumjibu mpaka alipokufa. Tangu siku ile wewe hurudi kuangalia kila nati mara tatu, na walimu wako Kyambogo walikusifu kwa uangalifu wako, na mimi nilikaa kwenye mahafali yako nikipigiwa makofi. Uangalifu wako umetokana na ubaya wangu. Ni kitu kizuri na sina haki yoyote juu yake.

Ulipomaliza chuo ukakaa mwaka mzima bila kazi, ukizunguka na vyeti. Wenye gereji walikutazama mikono wakakuuliza kama unaweza kupika. Makokha aliposikia alinipigia mwenyewe. Ana gereji kubwa sasa, mafundi kumi na wanne, na magari ya shule tatu yanatengenezwa kwake. "Mtoto wa Wekesa hawezi kukaa bure wakati mimi nipo," akasema. "Wewe ulinitazama Luzira wakati ndugu zangu wa damu hawakuvuka mpaka." Nilimshukuru. Nilikuletea habari hiyo ukiwa jikoni, ukanirukia shingoni na unga mikononi. Usiku ule nililala vizuri, nakwambia ili ujue mimi ni mtu wa namna gani.

Ningenyamaza. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kilichonivunja ni simu ya juzi. Alinipigia kuuliza basi lako linafika saa ngapi, tukaingia kwenye mazungumzo, akaniambia ana desturi. Kila fundi mpya, siku yake ya kwanza, Makokha anasimamisha kazi, anawakusanya wote chini ya bati, na anasimulia kwa kinywa chake jinsi alivyomuua mwanamke kwa sababu aliichomoa spana kabla ya kumaliza. Anawaonyesha vidole. Anataja jina la Nakato. "Binti yako pia atasikia Jumatatu," akasema. "Nitasimulia vizuri, usiwe na wasiwasi, sitakutaja ila kwa wema."

Nilikuona akilini umekaa pale kwenye benchi na daftari lako, unasikiliza, unamheshimu mzee huyu kwa ujasiri wake wa kujisema. Nikaona kwamba utaniandikia barua juu yake. Utaniambia, baba, rafiki yako ni mtu mkubwa.

Leo asubuhi, ulipotoka tu, nikampigia.

"Wekesa! Mtoto kapanda?"

"Bado, ni kesho. Makokha, ile spana uliiacha kwenye nati."

Nyuma yake nilisikia nyundo ikigonga bati, na redio.

"Unasema?"

"Uliiacha. Niliiona. Niliichomoa mimi."

Nyundo iligonga, ikagonga. Nadhani alitoka nje, maana sauti zilipungua.

"Kwa nini?"

"Ulinicheka asubuhi."

"Nilikucheka nini?"

"Ulisema nati inaomba talaka."

"Sikumbuki," akasema. Kisha akaongeza, "Nilikuwa nakucheka kila siku, Wekesa. Nawe ulikuwa unanicheka."

"Ndiyo."

"Na Luzira? Kila mwezi ulikuja?"

"Ndiyo."

"Nikikuuliza."

"Ndiyo."

Alipumua kama mtu anayebeba kitu juu ya ngazi. "Unajua sijafunga gurudumu tangu nitoke? Hata la gari langu. Nikipata pancha njiani nasimamisha watu nisiowajua, nawaambia mgongo unaniuma. Watoto wangu wanadhani mgongo unaniuma."

Nikahamishia simu kwenye sikio jingine.

"Unaniambia leo kwa sababu mtoto wako anakuja kwangu," akasema. "Asingekuja ungekufa nayo."

Nikasema ndiyo. Lilikuwa jibu pekee la mazungumzo yale lililonipa shida kulitoa, kwa sababu hapo nyuma nilikuwa nimeanza kujiona mwema. Akakata simu.

Nilikaa saa nzima na simu mapajani. Nilidhani nimekupotezea kazi, na nilikuwa naanza kupanga maneno ya kukuambia, maneno ambayo ndani yake ningekuwa mtu aliyejitoa mhanga kwa ajili ya ukweli. Kisha akapiga.

"Aje," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mwenye gereji. "Nilimwahidi kazi, kazi ipo, na sivunji neno langu kwa ajili yako. Nitamfundisha kila ninachokijua. Lakini wewe usinipigie tena, na usije Kitale, hata nikifa."

"Nimesikia."

"Na Jumatatu sitasimulia mimi. Nimesimulia uongo kwa watu wangu miaka yote hiyo, nimechoka mdomo. Atasimulia yeye. Atasimama mbele ya mafundi kumi na wanne aseme nani aliichomoa, na kwa nini, na nani alikuja gerezani kila mwezi. Kila kitu. Akiruka kitu nitajua sasa."

"Yeye hana kosa, Makokha."

"Mimi nilikuwa nalo?"

Ndiyo maana nimekuandikia kila kitu, rangi ya gari, kofia ya dereva, kile alichoniuliza dada yake Nakato. Utavihitaji. Usinitetee mahali popote. Ukifika kwenye maneno ya chai watacheka, waache wacheke, kisha endelea. Na kama hutaki kusimama mbele ya watu hao na jina langu, vua viatu, lala, basi liondoke. Sitakuuliza. Vyeti vyako ni vile vile na mikono yako ni bora kuliko yangu, utapata mahali, ingawa sijui lini.

Barua hii nitaiweka juu ya begi na nitakwenda kukaa uani mpaka uimalize. Kuna jambo moja tu limebaki, na ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Makokha aliposema ni wewe utakayesimulia, aliniuliza, "Atakubali?" Nikamjibu, "Atakubali." Nilijibu upesi sana. Sikusema nitamuuliza kwanza. Nilijibu upesi kwa sababu nilikuwa nimeogopa kwamba atanitaka mimi nisimulie, na niliposikia ni wewe, Nafula, nilifurahi.

Baba yako,
Wekesa